Chai Isiyosemewa Karibu

Hili hutaliamini, wala sikulaumu. Hata walioliona kwa macho yao walitoka mle ndani wakijipapasa kama watu walioibiwa wasijue wameibiwa nini. Ni habari ya mwanamke wa kijiji chetu, mfunga tempe, asiye na panga wala mganga, aliyemkalisha kitini tajiri wa mashine ya mpunga, pamoja na mkewe na msemaji wao, akawatesa alasiri nzima kwa chai nzuri. Hakutia sumu, wala hakutukana. Alimimina tu, akanyamaza.

Jina lake Lasmirah. Ni dada yangu, tumbo moja, kwa hiyo usije ukaniambia umesikia tofauti kwingine. Huko kwingine wamesikia kwangu.

Lasmirah alifiwa na mume mapema, akabaki na binti mdogo, Wuryani, na chungu cha kuchemshia soya. Kila alfajiri alisimama ndani ya beseni akiyakanyaga maharage hadi maganda yatoke, akayapika, akayapoza, akayanyunyizia chachu, akayafunga katika majani ya msaji na kuyafunika magunia yapate joto. Ukiyafungua baadaye unakuta maharage yameshikana, meupe kama yameota manyoya. Hiyo ndiyo tempe, na ya Lasmirah ilikuwa ngumu hata ungeweza kumpiga nayo mwizi.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa ya tempe. Ilikuwa ya masikio. Sisi Wajawa, kama unavyojua, hatusemi. Tunapitia nyuma ya nyumba. Mtu akitaka kuku wako kwa ajili ya sherehe, anakuja kumsifu jogoo. Nazi zako zikimbomolea paa, anakuuliza kama mnazi ule aliupanda babu au baba. Sasa katika kupitishana huko nyuma ya nyumba wapo wanaopotea, na waliopotea walikwenda kwa Lasmirah.

"Dada, nimekwenda kumwomba Pak Wongso shamba la kulima. Amesema, 'Tuangalie mvua zitakavyokuja.'"

"Alikuwa amekaa au amesimama?"

"Amesimama."

"Amekataa. Ulimaliza chai?"

"Alinikaribisha tena na tena ninywe."

"Amekataa na anakuonea huruma. Mwakani rudi."

Mwakani mtu akarudi, akapewa shamba. Ndivyo alivyokuwa. Fumbo lingeweza kupita nyuma ya ukuta wa mianzi, limefunikwa na kelele za bata, naye angelisikia na kukuambia lina ndevu au halina. Likumbuke hilo, maana siku ninayokwenda kukusimulia, mwanamke huyo aliamua kuwa kiziwi.

Sasa, kosa. Pak Prawiro, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alikuwa akimwoza binti yake wa kwanza. Kwetu harusi haipikwi na mpishi, inapikwa na majirani. Wanawake wote wakaingia jikoni kwa mkewe, Bu Prawiro (kwetu baba mzima huitwa Pak, mama huitwa Bu), Lasmirah akiwa miongoni mwao, kitambaa cha msiba bado hakijapauka, na kapu la tempe alilolitoa bure. Akakata, akakaanga, akakoroga tui. Katikati ya moshi ule, bibi kizee mmoja aliyeketi nyuma ya mlango akamwita kwa kidole. Alikuwa mama mzazi wa Bu Prawiro, hana jino hata la kumtishia mtoto. Wageni walikuwa wengi na mwanawe amemsahau.

"Mwanangu," akanong'ona, "hivi maini ya kuku huwa yanaisha mapema, eti?"

Lasmirah akalisikia fumbo lilipokuwa, akachukua ini moja laini, akaliweka kwenye jani la ndizi. Alikuwa anakunja jani hilo Bu Prawiro alipoingia.

Bu Prawiro alikuwa mzuri siku ile, nywele zimefungwa, dhahabu sikioni. Akatazama lile jani. Akamtazama Lasmirah. Kisha akatabasamu, na kwa sauti tamu, sauti ya kubembelezea mtoto alale, akasema mbele ya jiko zima:

"Chukua, Dada, chukua tu. Ongeza na paja. Funga kwenye mtandio wako usione haya. Kwani nyumbani kwenu si haipo?"

Jiko lote kimya. Hata mafuta yaliacha kuruka.

Kama angepigwa kofi, angelia. Kama angeitwa mwizi, angejitetea. Lakini mtu akikutukana kwa ukarimu utamjibu nini? Kwetu jibu ni moja tu, na Lasmirah akalitoa akiwa ameinamisha kichwa: "Asante sana, Mama." Hakusema ini ni la nani. Angesema, angemwaibisha Bu Prawiro mbele ya watu kwamba amemsahau mamaye. Akaliweka jani chini, akamaliza kukoroga tui lake, akaenda nyumbani mikono mitupu. Kapu la chakula lilipoletwa jioni, kama desturi, akawapa bata.

Tangu hapo kisasi chake alikitunza kama tempe. Akakifunga vizuri, akakifunika, akakipa joto, akasubiri kishikane. Njiani walipokutana alimwinamia Bu Prawiro kuliko mtu yeyote. Bu Prawiro alituma mtumishi kununua tempe kila siku, Lasmirah akamuuzia, nzuri, nzito. Alituma pumba za mashine kwa ajili ya bata, Lasmirah akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazimwaga mtoni. Mimi nikamwambia, "Dada, bata wana kosa gani?" Akaniambia, "Sarmo, wewe kula unyamaze." Na kwa kuwa chakula kilikuwa chake, nikala, nikanyamaza.

Wuryani akakua. Na Mungu, ambaye naye wakati mwingine anapenda mzaha, akamfanya apendane na nani? Gunarso, kitinda mimba wa Bu Prawiro. Walipendana huku kwenye mfereji wa maji, yeye akiosha majani ya msaji, kijana akijifanya anaosha baiskeli ambayo ilikwisha kung'aa kama meno ya bandia.

Ujumbe ukaja: familia ya Prawiro inaomba kuja kutembea. Kutembea tu. Hata bata walijua ni posa. Lasmirah akasema, "Wakaribie." Wuryani akamkumbatia miguu akalia. Alidhani mama amesamehe. Mimi nilimtazama dada yangu usoni nikaona kile cheupe kimeanza kuota.

Na ujue, kwetu posa ya namna hiyo ina mlango mmoja. Ikiingia ikakwama, haiji tena. Mzee hawezi kurudi kuomba alipokwama, atakuwa amejivua nguo. Wuryani alijua, Gunarso alijua, na Lasmirah alijua kuliko wote.

Siku ilipofika aliosha glasi kwa jivu hadi zikalia chini ya kidole. Akachemsha chai nzito, rangi ya mbao mpya, akadondosha sukari ya mawe, akaiwekea kila glasi kifuniko chake. Akapanga wali wa kunata uliopikwa kwa sukari ya mnazi, na karanga za kukaanga. Wageni wakaingia: Pak Prawiro na kofia yake, Bu Prawiro na pepeo yake, na Pak Kartodimejo, msemaji wao, mzee mwenye koo la dhahabu anayeazimwa na vijiji saba kwa ajili ya posa. Mimi nikawa mwanamume wa upande wa wenyeji. Wuryani yuko jikoni, sikio kwenye ukuta wa mianzi.

Wakakaa. Habari, nzuri. Mpunga, unaendelea. Lasmirah akaleta chai, akaiweka mbele ya kila mtu kwa mkono wa kulia, akavua vifuniko. Harufu ikapanda. Kisha akaketi, akakunja mikono, akatabasamu.

Tukangoja neno.

Neno lenyewe ni dogo, "karibuni" tu. Lakini chai ya kwetu, hata ikiwekwa puani pako, si yako mpaka mwenye nyumba aseme neno hilo. Anayekunywa kabla yake ni mtoto au ni mtu asiyelelewa. Na kabla chai haijanywewa, haja haitajwi. Na kuondoka bila kuinywa ni kuilaani nyumba. Umeona mtego? Hawawezi kunywa, hawawezi kusema, hawawezi kuondoka. Walifungwa wote watatu kwa kamba ambayo kila mmoja alisokotewa na mama yake.

Pak Kartodimejo akaanza kwa upole. "Jua la siku hizi, Bibi Lasmirah, linakausha hata ulimi."

"Kweli kabisa, Pak. Soya yangu inakauka upesi, nashukuru."

Mzee akakohoa.

"Pole, Pak. Vumbi hilo. Sarmo, funga dirisha."

Nikafunga dirisha. Joto likaongezeka. Mzee akanitazama kama mtu niliyemkanyaga.

Pak Prawiro, ambaye hana ufundi, akajaribu. "Chai hii rangi yake! Majani ya wapi haya?"

"Ya sokoni, Pak."

"Inaonekana tamu."

"Wanasema hivyo."

"Sisi kwetu," akasema Pak Prawiro, jasho likimtoka chini ya kofia, "sisi kwetu huwa tunapenda ikiwa bado moto."

"Kila nyumba na desturi yake, Pak." Akamgeukia Bu Prawiro, akainama kidogo, akasema kwa sauti tamu, sauti ya kubembelezea mtoto alale: "Au sivyo, Mama?"

Hapo pepeo ya Bu Prawiro ikasimama. Nami nikaona kwamba ameitambua sauti hiyo. Kila mtu huitambua sauti yake mwenyewe.

Alasiri ikasonga. Mvuke ukaisha. Sisimizi wa kwanza akapanda mguu wa meza, akaita ndugu zake. Pak Kartodimejo akasifu mnazi, akasifu paa, akasimulia habari ya mtu aliyevuka jangwa. Kila fumbo alilolirusha, Lasmirah alilipokea, akalikung'uta, akamrudishia likiwa neno tupu. Lilikuwa jambo la kutisha. Kama kumwona mpiga ngoma bora kijijini anapiga makusudi nje ya mdundo.

Kisha akainuka kwenda jikoni, eti kutazama moto.

Wuryani alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, macho makavu. Lasmirah alitarajia kilio, na alikuwa amejiandaa nacho. Lakini binti akainua uso, akatabasamu.

"Usiwakaribishe, Mama," akasema taratibu. "Haraka ya nini? Mimi nipo. Nitakukanyagia soya mpaka miguu iote mizizi kwenye beseni. Gunarso ataoa kwingine, na sisi tutaitwa kwenda kupika. Nitakata vitunguu. Halafu nitakufungia kipande cha kuku kwenye mtandio, nikuletee. Kwani nyumbani kwetu si haipo?"

Lasmirah akashika ukuta.

Hakuwahi kumsimulia binti kisa kile. Watoto wa watu wakimya husikia kila kitu. Na sauti ile, ile tamu, ilikuwa imetoka nyumba ya Prawiro, ikakaa kifuani mwake miaka yote, na sasa imetoka kinywani mwa mwanawe. Alikuwa amefunika magunia juu ya kisasi akidhani ni yeye peke yake anayekilalia.

"Wuryani," akasema.

"Naam, Mama. Nenda, wageni wako wanakaa peke yao."

Akarudi. Akasimama penye pazia. Neno lilikuwa limeshafika kooni, mimi nililiona likipanda na kushuka. Ka. Kari. Likakwama hapo, maana neno lililozuiwa kwa hasira halitoki kwa amri. Akamtazama Bu Prawiro kwenye kile kiti, dhahabu sikioni, na lile jiko lote likamrudia, moshi, kimya, mafuta. Akafunga mdomo.

Basi Bu Prawiro akanyoosha mkono. Akaichukua glasi yake, bila kukaribishwa na mtu, sisimizi wakiogelea, akanywa. Hakunywa kidogo kwa heshima. Alikunywa kama mkulima, shingo nyuma, hadi sukari ya chini ikagonga meno. Akaiweka mezani. Pak Prawiro akasema, "We, mama watoto!" Pak Kartodimejo akafumba macho. Katika maisha yake yote ya kuposa hajawahi kuona kitu kama hicho, na sidhani alitaka kukiona tena.

"Nina kiu," akasema Bu Prawiro. Hivyo hivyo, neno tupu, halina nguo. "Nipe nyingine, Dada."

Lasmirah akaliendea sinia, akachukua jani la ndizi, akaweka wali wa kunata, akalikunja pole pole, kila mtu akitazama. Akamwekea Bu Prawiro mapajani.

"Chukua," akasema. "Chukua tu, Mama. Ongeza. Funga kwenye mtandio wako usione haya. Kwani nyumbani kwenu si haipo?"

Pak Prawiro akashika kofia yake tayari kuinuka. Nyuma ya ukuta wa mianzi pumzi ikakatika. Nikasema moyoni, imekwisha, posa imekufa, na chai sijainywa.

Bu Prawiro akashika ncha ya mtandio. Akafunga lile jani ndani yake, fundo moja, akalikaza.

"Haipo," akasema. "Nimechukua."

"Lile ini," akasema Lasmirah, na sasa sauti yake haikuwa tamu hata kidogo, "lilikuwa la mama yako. Aliniomba. Ulikuwa umemsahau nyuma ya mlango."

"Najua."

"Unajua?"

"Aliniambia usiku ule ule wa harusi. Akanigeuzia uso ukutani, hakusema nami mpaka mwezi mwingine ukaandama." Bu Prawiro akajifuta jasho, au kitu kingine. "Dada Lasmirah, mume wangu tempe haimshuki kooni. Mimi inanivimbisha tumbo. Unafikiri tumenunua kila siku miaka yote hii tunampa nani? Na zile pumba, unafikiri nilikuwa nawahurumia bata?"

Mimi niligeuka kumtazama Pak Prawiro. Akatikisa kichwa kuthibitisha, maskini, kwa huzuni ya mtu aliyekaa na kapu la tempe miaka mingi.

Hapo ndipo ningetaka uwe umemwona dada yangu. Yule wa masikio. Ungemtegemea aseme hakuelewa. Hakusema.

"Nilisikia," akajibu. "Tangu tempe ya kwanza nilisikia. Nilikataa kusikia. Ulinitukana mbele ya jiko zima, ukaja kuomba radhi kupitia mtumishi na gunia la pumba. Mimi nilitaka uje wewe, na watu wawepo."

"Nimekuja," akasema Bu Prawiro. "Na watu wapo. Nilikukosea. Na nimekuja pia kumwombea mwanangu mke, na sitaki Pak Kartodimejo asimulie habari ya jangwa tena. Tunamtaka Wuryani. Tupe."

Mzee wa koo la dhahabu akapiga chafya ya mshtuko. Posa bila kuku aliyepotea, bila ua la bustanini, bila mwezi kutafuta nyota! Walimnyang'anya kazi mezani kwake.

Lasmirah akatulia. Nakuambia alitulia sana, akiitafuna ile ladha, maana ilikuwa imekaa muda mrefu na hakutaka kuimeza haraka. Kisha akavichukua vifuniko, akazifunika glasi zote zilizopoa, akazipeleka nje na kumwagia mgomba. Akarudi na chai mpya, inachemka, na nyuma yake Wuryani na birika, macho chini, miguu haigusi ardhi. Dada yangu akaketi, akakunja mikono.

"Karibuni," akasema.

Hujawahi kuona binadamu wanakunywa vile. Ulimi uliniungua siku tatu, na nilishukuru kila siku.

Usidhani lakini kwamba walikumbatiana. Lasmirah si mtu wa namna hiyo. Watoto walioana, wajukuu wakazaliwa, na Bu Prawiro huja kwa mkwe mwenzake mara kwa mara, kwa miguu. Lasmirah humwekea chai, humvulia kifuniko, na tangu siku ile ya posa mpaka leo hajamwambia tena karibu. Mgeni mwingine yeyote humwambia. Mbwa wa jirani nusura amwambie. Bu Prawiro huketi kidogo, hutabasamu, kisha hunyoosha mkono mwenyewe akanywa, na dada yangu humtazama akinywa kama mtu anayekusanya kodi yake. Wanaelewana. Ukiniuliza, sasa hivi hakuna wanawake wawili wanaoelewana zaidi yao bonde hili zima.

Na siku ya harusi yenyewe, hilo ndilo sijakueleza. Siku ile jiko lilikuwa la Lasmirah. Bu Prawiro akaja mwenyewe kukata vitunguu, akakaa pale pale nyuma ya mlango alipokaa mama yake, na dada yangu akamwekea mbele, mbele ya wanawake wote, si glasi, nasema si glasi, bali lile birika la msikitini la kuwatosha watu wote wa Ijumaa, na Bu Prawiro akalinyanyua kwa mikono miwili, akanywa, akanywa, mpaka tumbo likaanza kulia kama ngoma, na alipolimaliza birika la tatu aka—

"Sarmo! Birika gani?" Ni dada yangu huyo, kutoka jikoni. "Alikunywa glasi moja, akabakiza nusu, na nusu iliyobaki uliinywa we—"